Shingo ya tela imekatika mara ya 3 kwenye flanji. Tatizo ni fundi, chuma au mzigo?

#1 – Baba Neema wa Usa
Wakuu, habari za jioni. Nina tela la trekta la tani 5, linabeba mchanga na matofali kati ya Usa River, Kikatiti na King'ori. Shingo yake, ile inayounganisha tela na trekta, ni bomba la inchi 4, unene wa milimita 6. Mbele imechomelewa flanji, yaani sahani ya kufungia, yenye unene wa milimita 20 na bolti 8, na jicho la kuvutia liko kwenye flanji ya pili, ili likilika nilibadilishe bila kukata shingo.

Shingo hiyo imeshakatika mara 3. Ya kwanza ilidumu kama miezi 4, ikakatika pembeni ya mshono. Fundi akasema mshono ulikuwa mdogo, akaongeza nyama. Ikadumu wiki 7, ikakatika palepale. Nikabadili fundi. Wa pili akaweka mbavu 4 za pembetatu kati ya flanji na bomba. Juzi imeachia tena, safari hii kwenye ncha ya ubavu wa chini, na tela likabaki katikati ya barabara baada ya tuta. Namshukuru Mungu nyuma hapakuwa na bodaboda.

Kinachonisumbua ni kwamba bomba halijapinda hata kidogo. Limekatika kama muwa mkavu. Chuma kikizidiwa na mzigo si hupinda kwanza?

#2 – Kijana wa Pasua
Pole sana kaka. Alitumia rodi gani? Mafundi wengi wanashika 6013 kwa kila kazi kwa sababu inawaka kirahisi na mshono unatoka mzuri wa macho. Kwenye flanji nene kama hiyo ningetumia 7018, iliyokaushwa vizuri. Rodi ikinyonya unyevu, hidrojeni inaingia kwenye chuma na ufa unatokea wenyewe hata kabla tela halijatoka karakana. Masika Moshi hapa pakiti ikikaa wazi usiku mmoja tu, kesho yake unaona tofauti.

#3 – Dereva Mstaafu
Mimi naona mzigo. Tani 5 za mchanga mkavu na tani 5 za mchanga uliolowa si ujazo mmoja. Vijana wanajaza mpaka mbao za pembeni zinalia, halafu wanaruka matuta kama wamebeba majani. Muulize dereva wako, Baba Neema, kwa upole.

#4 – Mkerezaji wa Unga Limited
Kabla ya kulaumu dereva, angalieni flanji. Ukichomelea bomba kwenye sahani, joto linaivuta sahani inakuwa kama sinia. Ukiweka rula usoni utaona mwanga unapita. Sasa ukiikaza kwa bolti 8 unailazimisha inyooke, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye mshono hata tela likiwa limesimama. Na uso usipokaa sawa bolti zinalegea. Bolti iliyokazwa sawasawa haisikii sana kupanda na kushuka kwa mzigo, iliyolegea inausikia wote.

Kwangu flanji yoyote ikitoka kuchomelewa inarudi kwenye mashine, naukereza uso mpaka ukae. Ni kazi ya chini ya saa moja, ila watu wanaikimbia.

#5 – Mwalimu wa Chuma
Baba Neema, swali lako la mwisho ndilo lenye uzito. Chuma kikizidiwa mara moja hupinda, lakini kikitikiswa mara laki kadhaa kwa mzigo mdogo hupasuka polepole bila kupinda. Tunaita uchovu wa chuma. Mjerumani August Wöhler aliuchunguza kwenye ekseli za treni katika karne ya 19, kwa sababu ekseli zilikuwa zinakatika bila kuzidishiwa mzigo. Kinachohesabika zaidi kwenye mshono ni tofauti kati ya mkazo wa juu na wa chini, na ni mara ngapi tofauti hiyo inajirudia.

Nifanye hesabu ya haraka kwa bomba lako. Tuseme kutoka jicho mpaka mshono ni milimita 400, na kwenye kila mtikisiko mkubwa nguvu kwenye jicho inabadilika kwa kilo 800. Mkazo pembeni ya mshono unapanda na kushuka kwa kama nyutoni 60 kwa kila milimita mraba. Chuma cha kawaida hakianzi kupinda mpaka 235. Kwa hiyo upo mbali sana na kupinda.

Lakini kanuni za Ulaya za uchovu, EN 1993-1-9, zinaiweka bomba iliyounganishwa kwa mshono wa pembeni tu, usiopenya unene wa bomba, kwenye daraja la 40. Maana yake, tofauti ya nyutoni 40 ndiyo unayoitegemea kwa mara milioni 2. Ukipandisha mkazo, umri unashuka kwa nguvu ya tatu: mkazo ukiwa mara mbili, umri unagawanywa kwa 8. Kwa nyutoni 60 unapata kama mara 590,000. Tela likitembea kilomita 60 kwa siku na kupata mtikisiko mmoja mkubwa kila mita 10, hizo ni siku 98 za kazi. Toa Jumapili, ni miezi 4 kasoro kidogo.

Ukichonga ncha ya bomba mshale, yaani mshazari, mshono ukapenya karibu unene wote na ukingo wake ukasuguliwa, daraja linakuwa 71. Umri unaongezeka zaidi ya mara 5 kwa bomba lilelile na mzigo uleule.

#6 – Baba Neema wa Usa
Mwalimu, miezi 4! Nimesoma hesabu hiyo mara tatu. Asante sana.

#7 – Dereva Mstaafu
Na hizo kilo 800 nani amezipima?

#8 – Mwalimu wa Chuma
Hakuna aliyepima, mzee wangu, nimezikadiria. Zikiwa 1,000 umri unashuka karibu nusu. Ndiyo maana hoja yako ya mzigo siikatai.

#9 – Binti wa Tengeru
Shikamooni wakubwa. Mwalimu, naomba kurekebisha jambo moja. Umehesabu ufa unaoanzia pembeni ya mshono kwenye bomba. Mshono usiopenya una njia ya pili: ufa unaanzia ndani, kwenye shina (chini kabisa ya mshono), unapita katikati ya nyama ya mshono wenyewe. Njia hiyo ina daraja lake, 36, na mkazo wake unahesabiwa kwenye koo la mshono, pale nyama yake ilipo nyembamba zaidi. Mshono wenye mguu (upana wa upande mmoja) wa milimita 6 una koo la milimita 4.2 tu. Kwa hiyo nyutoni 60 za bomba zinakuwa kama 86 kwenye koo, na umri unashuka mpaka kama mara 147,000. Kwa mwendo wako ni siku 24 au 25.

Kwa hesabu hiyo tela la Baba Neema lisingefika hata miezi 2. Sasa swali kwake: ule mkatiko wa kwanza ulipita wapi? Ndani ya nyama ya mshono, au kwenye bomba pembeni yake?

#10 – Mwalimu wa Chuma
Marahaba. Uko sahihi, nimelipita hilo. Niseme pia kwamba madaraja ya kanuni hizi yamewekwa kwa tahadhari, viungo vingi hudumu kuliko yanavyoahidi. Lakini swali lako ndilo la kujibiwa kwanza, kwa sababu dawa zake ni tofauti. Ufa ukianzia shina, kuusugua mshono kwa nje hakusaidii kitu.

#11 – Baba Neema wa Usa
Kipande cha mara ya kwanza nilikitupa nyuma ya banda la kuku, na cha mara ya pili ninacho. Nimeviosha kwa mafuta ya taa leo asubuhi. Cha kwanza kimekatika kwenye bomba, milimita moja au mbili kutoka ukingo wa mshono. Upande wa chini umelala laini, rangi ya kahawia, una mistari iliyopinda kama pete za gogo. Upande wa juu ni wa kung'aa na umechanikachanika. Cha pili, nyama ya mshono yenyewe imefunguka.

#12 – Kijana wa Pasua
Hizo pete ndizo ufa ulivyokuwa unatembea, kaka. Pale zinapobanana ndipo ulipozaliwa. Ule upande unaong'aa ni sehemu iliyokatika siku ya mwisho. Zinabanana wapi?

#13 – Baba Neema wa Usa
Chini kabisa. Na hapo chini naona kama mshono ulianza na kuishia palepale, kuna kishimo.

#14 – Kijana wa Pasua
Basi mimi nimeshapata jibu langu. Fundi alilaza bomba juu ya matofali, akaanza mshono chini, akazunguka, akafunga palepale chini kwa sababu ndipo mkono ulipomfikisha. Penye kuanza na kuishia ndipo kunapobaki kishimo, slagi (takataka ya rodi) na mkato mdogo kwenye bomba. Ameweka kasoro yake mbaya kuliko zote mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote. Anzia kushoto na malizia kulia, usawa wa katikati ya bomba, ambako kupinda kwa juu na chini hakuvuti sana.

#15 – Mkerezaji wa Unga Limited
Au ufa umeanzia chini kwa sababu chini ndipo panapovutwa tu. Trekta inainua jicho, tela linakaa kwa uzito, kwa hiyo tumbo la shingo linatanuka. Hata mshono ungekuwa wa malaika ungeanzia chini.

#16 – Mzee wa Karakana
Vijana, hapo inategemea wanapakia wapi. Mchanga ukikaa nyuma ya ekseli, tela linataka kuinua jicho, na mgongo wa shingo ndio unaovutwa. Nimeona tela za mahindi zikikatika juu. Na msidhani upande unaobanwa uko salama. Mshono ukipoa unajivuta, unabaki na mvuto wake wa ndani unaoweza kukaribia kiwango cha chuma kupinda. Mzigo ukibana na kuachia, pale ndani chuma bado kinapanda na kushuka kikiwa kwenye mvuto.

Nilifanya kazi ya reli miaka mingi. Treni ikisimama Moshi tulipita na nyundo ndefu tukigonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima linalia kama kengele, lenye ufa linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Kila nikisikia mtu anasema chuma kimekatika ghafla, namwambia kilikuwa kinasema siku nyingi.

#17 – Binti wa Tengeru
Shikamoo mzee. Nyundo lakini inasikia ufa mkubwa tu. Wa milimita 2 kwenye shingo ya tela hautasikika.

#18 – Mzee wa Karakana
Marahaba binti yangu. Kweli kabisa. Kwa mdogo tulitumia mafuta ya taa na chokaa. Unapaka mafuta, unasubiri, unafuta mpaka pakauke, unapaka chokaa nyeupe. Palipo na ufa mafuta yanarudi juu na kuchora mstari.

#19 – Mama wa Trekta, Mto wa Mbu
Wakati mnapima nyutoni, baba huyu ana tela barabarani. Baba Neema, funga mnyororo kati ya tela na trekta leo hii, unene wa kidole, ufungwe kwenye fremu na siyo kwenye shingo. Mwaka juzi shingo yetu iliachia na tela la mpunga likateremka peke yake mpaka kwenye mfereji. Watoto walikuwa wametoka hapo dakika chache kabla. Mpaka leo nikikumbuka tumbo linauma.

#20 – Baba Neema wa Usa
Pole sana dada. Nimefunga leo mchana.

Nimegundua kitu kingine, naomba mnisaidie. Kile kipande cha pili, ndani ya ufa kuna rangi. Ile nyekundu ya kuzuia kutu. Imeingia kama upana wa ukucha.

#21 – Binti wa Tengeru
Hii ni habari kubwa. Rangi haiingii mahali ambapo hapajafunguka. Ina maana ufa ulikuwepo siku mnapaka rangi, kabla tela halijabeba hata tofali moja.

Kuna mfano unaofundishwa kila mahali penye kozi ya uchovu wa chuma. Tarehe 27 Machi 1980, jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwei. Watu 123 walikufa kati ya 212. Mguu mmoja ulikatika kwa sababu bomba moja la kuushikilia lilikuwa limepasuka kwa uchovu, na ufa ulianzia kwenye mshono wa milimita 6 uliozunguka kijifaa cha kushikia chombo cha kusikilizia sauti majini. Kijifaa chenyewe hakikuwa kinabeba mzigo wowote wa jukwaa. Wachunguzi walikuta rangi ndani ya ufa, wakajua ulikuwepo tangu kiwandani.

#22 – Kijana wa Pasua
Ndicho nilichosema namba 2! Hidrojeni. Ufa wa baridi unatokea saa kadhaa mpaka siku mbili baada ya kuchomelea. Kaka, hiyo flanji ilitoka wapi?

#23 – Baba Neema wa Usa
Fundi wa kwanza aliikata kwenye chuma chakavu alichokuwa nacho. Nakumbuka alilalamika, kutoboa yale matundu 8 kuliua biti mbili za drili.

#24 – Mkerezaji wa Unga Limited
Biti mbili kwenye milimita 20? Hiyo si sahani laini. Inawezekana ni bapa la greda, lina kaboni nyingi. Liguse na grainda gizani uangalie cheche. Chuma laini kinatoa mistari mirefu iliyonyooka. Chenye kaboni nyingi cheche zinapasukapasuka kama nyota. Ikiwa ya nyota, huwezi kuichomelea baridi, lazima uipashe moto kwanza na uiache ipoe polepole.

#25 – Mwalimu wa Chuma
Nakubali flanji ichunguzwe, lakini tusikimbie. Flanji ngumu ingepasuka upande wa flanji, pembeni ya mshono, kwenye chuma kilichoiva kwa joto. Mkatiko wa kwanza ulikuwa upande wa bomba. Na kipande chenye rangi ni cha mara ya pili, si cha kwanza. Baba Neema, fundi alipoongeza nyama, alichimba ufa wa zamani mpaka ukaisha, au alichomelea juu yake?

#26 – Baba Neema wa Usa
Alisugua kidogo akachomelea juu. Tukapaka rangi jioni ileile.

#27 – Mwalimu wa Chuma
Basi rangi inaweza kuwa iliingia kwenye ufa uliobaki pale ambapo mshono mpya haukuufunga. Hilo lingeeleza pia kwa nini ilidumu wiki 7 badala ya miezi 4. Alikuanzishia safari katikati.

#28 – Kijana wa Pasua
Inaweza. Lakini jioni ileile, Mwalimu, na pengine rodi za 6013 mbichi? Mimi bado nipo na hidrojeni.

#29 – Fundi Bodi wa Himo
Nimechelewa kufika. Hakuna aliyegusa zile mbavu. Nilishawahi kuweka mbavu kwenye nguzo ya bango nikidhani naongeza nguvu. Mshono wa flanji ulitulia, lakini bomba likapasuka kwenye ncha za mbavu, moja baada ya nyingine, upepo ukivuma tu. Ubavu ni kipande kigumu kinachoishia ghafla, na pale unapoishia ndipo mkazo unapojaa. Siku hizi naweka flanji nene na bomba lenye ukuta mnene zaidi, mbavu hapana. Flanji nyembamba inapumua kama kifuniko cha debe na kuupinda ukuta wa bomba.

#30 – Dereva Mstaafu
Niliuliza vijana wa stendi ya mchanga. Wanasema msimu wa ujenzi tripu zinaongezeka kutoka 3 mpaka 6 kwa siku. Wiki zile 7 zilikuwa za msimu?

#31 – Baba Neema wa Usa
Zilikuwa za msimu, mzee. Sikuwaza hilo kabisa.

#32 – Binti wa Tengeru
Kwa hiyo tuna maelezo manne ya wiki 7 na yote yanatosha. Baba Neema, ukitengeneza mpya usinunue chuma ghali cha nguvu kubwa ukidhani kitasaidia. Chuma kitupu kinanufaika, lakini kiungo kilichochomelewa kwa namna ileile kina daraja lilelile, chuma kiwe cha 235 au 355. Fedha hiyo iweke kwenye maandalizi ya mshono.

#33 – Kijana wa Pasua
Na ukimaliza, usugue ukingo wa mshono taratibu mpaka ule mkato mdogo upotee kabisa, nusu milimita hivi ndani ya bomba. Kazi hiyo ikifanywa vizuri inahesabiwa kuongeza nguvu ya uchovu mara 1.3, ambayo kwenye umri ni zaidi ya mara 2. Michirizi ya grainda ielekee urefu wa bomba, isizunguke. Mchirizi unaozunguka ni mwanzo wa ufa mwingine.

#34 – Baba Neema wa Usa
Wakuu, nimerudi, wiki 5 zimepita. Flanji ya zamani tuliigusa na grainda usiku, cheche zilipasuka nyota. Nimenunua sahani mpya ya milimita 25. Bomba limechongwa mshale, mshono wa shina kwa rodi nyembamba ya geji 12, mingine kwa rodi nene zaidi, geji 10 ya 7018 iliyokaushwa. Fundi alilizungusha bomba juu ya roda badala ya kulizunguka yeye, akaanzia kushoto na kumalizia kulia. Uso umekerezwa. Mbavu hakuna. Tripu 3 kwa siku, na mchanga tunausambaza sawa juu ya ekseli.

Nilipaka rangi nyeupe pale kwenye mshono ili nione. Leo dereva kaniita. Kuna mstari wa kahawia, mwembamba kama unywele, urefu wa kama sentimita 2. Hauko chini. Uko kulia, palepale mshono unapoishia.

#35 – Mkerezaji wa Unga Limited
Inaweza kuwa rangi tu imepasuka. Mafuta ya taa na chokaa, kama Mzee alivyosema namba 18.

#36 – Mzee wa Karakana
Kulia ni pembeni. Kupinda kwa matuta hakufiki sana hapo, ila kona zinafika. Barabara unayopita ina kona za kukatisha na trekta yenye mzigo?

#37 – Baba Neema wa Usa
Ipo moja, ya kuingia kwenye machimbo, tunaikata tukiwa tumejaza. Mara 3 kwa siku.

Nimefanya chokaa. Imebaki kavu mzunguko wote isipokuwa hapo kulia, imelowa alama ndogo kama ukucha wa mtoto. Tela nimelisimamisha, mteja wa Kikatiti nimempigia. Fundi anakuja kesho saa 2 asubuhi na grainda.

#38 – Binti wa Tengeru
Asisugue kabla hujapiga picha kwa karibu, ukiweka rula pembeni. Na akichimba, aende milimita moja moja, kila hatua mrudie chokaa, mjue kama unatoka shina au unatoka nje.